Mkate Mkavu wa Ng'ambo ya Mto

Waliokuwepo Jumapili ile ni hawa: bwana meneja wa shamba la chai na mkewe, ambaye sote tulimwita memsaab, injinia Mtaliano aliyesimamia ujenzi wa barabara ya lami upande wetu, pamoja na mkewe, mameneja wengine wawili wa mashamba ya jirani na wake zao, mama wa kufua, ambaye hakuwa na kazi siku hiyo lakini akaja, na mimi. Mzee mpishi hakuwepo. Alikuwa amekwenda kwao kumzika ndugu yake, na ndiyo sababu kazi yote iliniangukia. Wadogo zangu wawili, msichana na mvulana, hawakuwepo pia, ila nawataja kwa kuwa wao ndio walioula mkate. Na ng'ambo ya mto, kwenye mashamba ya wenyeji, kulikuwa na mama mmoja Mkipsigis ambaye hajawahi kukanyaga nyasi za meneja maishani mwake. Yeye namhesabu pamoja na waliokuwepo.

Baba alitoka nyanda za juu za magharibi kabla ya uhuru, akaja Kericho kuchuma chai, na sisi tukazaliwa kambini. Mama alitangulia kufa. Baba akamfuata msimu wa mvua, nikiwa darasa la sita. Hakuna aliyenitoa shuleni. Jumatatu baada ya mazishi niliamka, nikapika uji, nikawavisha wadogo zangu, na walipotoka mimi nikabaki. Jumanne ikawa vilevile, na baadaye mwalimu akaacha kuuliza.

Nyumba ya kambi ni chumba kimoja, na chumba hicho hufuata kazi. Aliyeandikwa kwenye kitabu cha shamba ana chumba, asiyeandikwa hana. Mzee mpishi, ambaye kwao na kwetu ni kijiji kimoja, alinichukua jikoni kwa meneja nikawa kibarua wa kuosha sufuria na kumenya viazi. Lakini kibarua hana haki ya chumba. Kila mwisho wa mwezi nyapara alikuja akasimama mlangoni kwetu. Hakuwa mtu mbaya. Alisimama tu akitazama kuta na dirisha, kama mtu anayefikiria kitanda kitakaa upande gani, kisha akasema, "Msichana, kuna watu wa kuchuma wanalala watu wanane chumba kimoja. Mimi nitawaambia nini?" Nami nilimjibu kila mara, "Nipe mwezi huu, mzee." Mara ya mwisho alisema huo ndio mwezi wenyewe.

Kwa hiyo mzee mpishi alipoondoka, memsaab akaniita veranda na kuniambia kwa Kiswahili chake, "Jumapili wageni. Wewe fanya kazi mzuri, mimi sema na bwana. Wewe andikwa. Nyumba kaa." Nilisema asante. Sikulala vizuri tangu siku hiyo mpaka Jumapili yenyewe.

Ijumaa mke wa injinia alikuja kunionyesha chakula. Alikuwa mwanamke mnene mwenye mikono ya kazi, na Kiswahili chake kilikuwa maneno machache aliyookota kwa wafanyakazi wa barabara, mengine si ya kusemwa jikoni. Alinifundisha kwa mikono. Chakula hicho kwao kinaitwa brusketa, na huliwa nje, watu wakisimama, kabla ya chakula chenyewe. Unachukua kipande cha mkate, unakiweka juu ya waya wa jiko la makaa mpaka kiwe na mistari ya kahawia pande zote mbili. Kikiwa bado cha moto unasugua kitunguu saumu kibichi juu yake. Kisha unamwagia mafuta ya zeituni, unaweka nyanya zilizokatwakatwa na chumvi, na unampelekea mgeni papo hapo. Hivyo tu. Kulikuwa na vingine vya maharagwe meupe yaliyopondwa, na vingine vya maini ya kuku yaliyokaangwa na vitunguu. Nilipoona maharagwe nilidhani amekosea. Kambini tulikula maharagwe kila siku ya Mungu, na sikuwahi kufikiri kwamba kuna mzungu angeyatoa kwa wageni kwenye sinia la fedha. Maini nayo, kwetu, ni ya mwenye nyumba. Huwezi kuyaponda ukawagawia watu wote kama siagi.

Jambo moja alilirudia mpaka likaniingia. Mkate lazima uwe mkavu. Alikamata kipande laini, akajaribu kukisugua kitunguu saumu, kikachanika. Akakamata kikavu, akasugua, na kitunguu kikaisha mkononi kama sabuni kwenye jiwe la kufulia. Basi memsaab akatoa mikate iliyonunuliwa mjini, akaipanga stoo juu ya meza, bila karatasi wala kitambaa. "Mkate hii acha. Hapana funika. Hapana guza," akasema.

Niliiacha. Jumamosi mchana nilivuka mto kutafuta nyanya. Ng'ambo ndiko kulikokuwa na mashamba ya wenyeji: chai kidogo, mahindi, ng'ombe wawili watatu, na bustani ya mboga karibu na maji. Mama yule nilimfahamu kwa sababu ya maziwa. Tangu baba afe alikuwa akinijazia chupa kupita kipimo, na hakusema kwa nini.

Siku hiyo nilimkuta jikoni akigeuza vipande vya mkate juu ya dari ya fito, pale juu ya moto ambapo huweka mbegu za mahindi. Vilikuwa vimekauka kabisa, vimepata rangi ya chai ya maziwa.

"Chamgei, mama. Unakausha mkate?"

"Chamgei. Ni ya kijana. Jumatatu anarudi shule." Mwanawe alikuwa kidato cha pili, shule ya bweni, mbali huko kupita Kedowa. "Hiyo shule wanawapa kabeji na maji ya kabeji. Jioni wanasoma na njaa. Sasa mkate laini nikimpa, siku ya tatu ina nywele ya kijani. Lakini hii, hata mwezi."

"Umeiva vizuri."

"Onja."

Nilionja. Ulikuwa mgumu, na ulikuwa na moshi. Alinipa nyanya, nikarudi.

Jioni hiyo nilipofika nyumbani niliwakuta wadogo zangu wameketi kitandani, sufuria ya chai katikati yao, wakichovya mkate. Mdogo wangu wa kiume alikuwa na makombo mpaka kwenye nyusi. "Mama wa kufua ametuletea," akasema, "mwingi, mpaka tumegawia wa chumba cha pili." Nilifurahi. Niliwaza kwamba pengine kanisa lao lilikuwa na karamu. Nilikunywa chai iliyobaki nikalala, maana miguu ilikuwa inawaka.

Jumapili asubuhi nilifungua stoo, na mikate ya memsaab haikuwepo. Mahali pake palikuwa na mikate mingine, mipya, imefungwa vizuri kwa karatasi, laini hata kidole kiliingia.

Mama wa kufua alikuwa amekuja mapema, kabla ya ibada, kuona kama nimefurahi. Alisimama mlangoni na kitambaa chake cheupe cha kanisa kichwani, anatabasamu.

"Umeona?" akasema. "Jana nilikuja kupiga pasi, nikakuta mkate umeachwa wazi. Nikasema huyu mtoto amechoka, amesahau kufunika. Umekauka kama kisigino. Na kesho ni wageni."

"Mama, ulinunua huu mwenyewe?"

"Kwa duka la kambi. Usiniulize bei. Ningeacha wageni walishwe mkate wa juzi? Kesho waseme nyumba hii haina heshima? Ule mkavu nikawapelekea watoto, na chai wanaweza kuulainisha."

Hakuwa amekosea kitu, kwa jinsi sisi tunavyoishi. Hakuna mtu kambini, awe maskini namna gani, ambaye angemwekea mgeni mkate uliokaa wazi. Kama mzee mpishi angekuwepo, labda naye angefanya hivyohivyo. Nilimweleza polepole kwamba memsaab alitaka uwe mkavu. Hakuniamini mwanzoni. Nilipokata kipande laini nikakichoma, kikaungua nje na kubaki unga ndani, nikaweka nyanya, kikakatika katikati kikaanguka sakafuni, ndipo akaketi kwenye ndoo iliyogeuzwa.

"Watakufukuza," akasema.

"Bado."

"Nitamwambia memsaab ni mimi."

"Wewe una watoto zaidi yangu. Nenda kanisani, mama. Ukirudi kama una nguvu, nisaidie kuosha glasi."

Memsaab na bwana walikuwa wamekwenda ibada ya wazungu mjini. Duka la kambi halina mkate mkavu, kwa sababu duka la kambi halina mkate unaolala. Kambi nzima ningeweza kubisha kila mlango na nisipate kipande, watu wangecheka tu. Nilijua palipo na mkate mkavu, na nilijua ni wa nani. Nilisimama kidogo na mikate laini mikononi. Kisha nikaiweka kwenye kikapu nikateremka mtoni.

Mama yule alikuwa akikamua. Nilimweleza nikiwa nimesimama, maana sikutaka kukaribishwa kuketi kwa jambo kama lile. Hakuacha kukamua.

"Sasa wazungu wanataka mkate ngumu," akasema. "Si niliambiwa meno yao ni ya kubandika?"

"Wengine."

"Na ukikosa hii mkate?"

"Nyapara atachukua chumba."

"Na wale watoto?"

Maziwa yaliendelea kulia ndani ya ndoo. Baadaye aliinuka, akaifunika ndoo, akaingia jikoni, akapanda juu ya kigoda na kuanza kuteremsha vipande kutoka darini. Aliteremsha vyote. Nilimwambia aache nusu. Alisema wageni hawali nusu. Akavifunga kwenye kitambaa, na akaipokea mikate laini niliyoleta, akaibonyeza kwa kidole kama nilivyofanya mimi.

"Hii atakula mpaka Jumatano," akasema. "Baada ya hapo ni ukungu."

"Nitakulipa, mama. Wiki ijayo nitakuja nichume chai nawe, siku utakayotaka."

Alinitazama kwa mara ya kwanza asubuhi ile. "Wewe ni mtu wa kambi, hujui. Mtu hakimbilii kulipa. Ukija wiki ijayo na kikapu, ni kama unaniambia tumemalizana, kila mtu ashike njia yake. Mimi sijasema tumemalizana. Nitakuita mimi."

Mwanawe alikuwa nje akipaka viatu vya shule rangi. Alinisalimia kwa adabu. Aliona kile kitambaa mikononi mwangu, akajua ni nini, akainamia viatu vyake tena.

Memsaab aliporudi, nilikuwa nimeshawasha makaa na kupanga vipande kwenye sinia. Alivitazama. Akakiinua kimoja, akakinusa.

"Moshi," akasema.

"Ndiyo, memsaab. Mkate wako uliliwa. Huu umetoka kwa jirani, ng'ambo ya mto."

"Nani kula?"

Mama wa kufua alikuwa nyuma yangu na kitambaa cha glasi. Nilimsikia akivuta pumzi.

"Watoto wangu," nikasema. Sikuwa na watoto, lakini ndivyo nilivyokuwa nikiwaita wadogo zangu.

Memsaab akakirudisha kipande kwenye sinia. Gari la kwanza likaingia langoni, mbwa wakaanza kubweka. "Baadaye," akasema, akaenda kupokea wageni.

Hilo neno nililibeba mchana kutwa. Nilisimama nyuma ya jiko la makaa, kwenye nyasi, chini ya jua la Kericho ambalo ni kali kwa sababu linajua halina muda. Nilichoma, nikageuza, nikasugua, nikamwaga mafuta, nikaweka nyanya, nikapeleka, nikarudi. Moshi wa makaa ulinifuata kila upande niliohamia. Vidole vyangu vilinuka kitunguu saumu kwa siku kadhaa baadaye. Wageni walikaa kwenye viti vya kitambaa na glasi zao, wakizungumza Kiingereza cha haraka ambacho darasa la sita halikunifikisha. Kila mmoja alipocheka nilidhani wanacheka mkate.

Mke wa injinia alichukua kipande cha nyanya. Aliuma, akaacha kutafuna. Akakigeuza kile kipande, akakitazama chini, akakinusa. Kisha akamwambia mumewe neno, na wote wawili wakanitazama. Halafu mke akanyoosha mkono akachukua kingine, na mumewe vivyo hivyo, kisha mke akachukua viwili, akaja mwenyewe mpaka kwenye jiko kusimama karibu nami akila cha maharagwe. Sikujua maana yake. Niliendelea kugeuza.

Mawingu yalikuja kutoka upande wa msitu kama kawaida ya mchana. Tulijua mvua itakuja, tulitegemea tu itusubiri. Haikusubiri, na haikuwa mvua. Ilikuwa mvua ya mawe. Ya kwanza iligonga sinia kama mtu ametupa kokoto, na ndani ya dakika chache nyasi zote zilikuwa nyeupe. Wageni walikimbilia veranda wakicheka, glasi zikiwa zimefunikwa kwa viganja. Mama wa kufua na mimi tulibeba jiko la makaa kwa vitambaa, tukarudia masinia, tukarudia viti, mawe yakitupiga vichwani. Kitambaa chake cha kanisa kililowa kikateleza mpaka shingoni.

Bwana meneja hakucheka. Alisimama ukingoni mwa veranda akiangalia chai, na mameneja wenzake wakaja kusimama naye. Tulijua wanachoona. Mvua ya mawe hupasua majani machanga, na baada yake hakuna cha kuchuma mpaka mche utoe macho mapya. Kambini maana yake ni vikapu vitupu. Nilisimama na sinia la mkate uliolowa nusu nikawaza kwamba hata nikiandikwa kwenye kitabu, majirani zangu wote watalala na njaa kidogo. Kisha mtu akaomba vingine vya maini, nikarudi kwenye moto.

Waliondoka giza likianza kuingia. Vipande vilikuwa vimekwisha vyote. Nilikuwa ninaosha sufuria memsaab alipoingia jikoni. Nilifunga maji, nikafuta mikono, nikasimama kungoja ile "baadaye" yake.

Alionekana amechoka kuliko mimi. Aliegemea meza.

"Mke wa injinia sema, mama yake fanya mkate namna hii. Juu ya moto ya kuni. Zamani." Akasogeza sinia tupu. "Mwezi ujao, wageni tena. Mkate hii hii. Ya moshi."

"Ndiyo, memsaab."

"Na watoto yako," akasema akiwa mlangoni, "sema kwao, mkate ya stoo hapana guza."

"Ndiyo, memsaab."

Kuhusu kitabu hakusema, na mimi sikuuliza. Mwisho wa mwezi nyapara alipita mbele ya nyumba yetu na hakusimama. Alinyanyua kofia kidogo, akaendelea na njia yake. Mama wa kufua, ambaye alikuwa akianika nguo, aliketi palepale chini akacheka mpaka akalia.

Lakini sasa ilibidi nirudi ng'ambo kuomba mkate tena. Nilipeleka sukari ambayo memsaab alinipa. Mama yule aliipokea, akaiweka juu ya kabati.

"Hii ni ya memsaab," akasema. "Yeye na mimi tumemalizana. Yako bado."

"Kijana alifika salama?"

"Alifika. Ameandika. Ile mkate ilishika ukungu Jumanne, siyo Jumatano. Alikwangua akala." Alisema hivyo bila kulalamika, akinikatia vipande vya kukausha. "Sasa mimi ni mpishi wa wazungu. Waambie wanitumie kofia."

Nilikaa jikoni kwa meneja miaka mingi baada ya hapo, chini ya memsaab huyo na wengine waliomfuata, wazungu na Waafrika. Wadogo zangu walisoma kutoka chumba kile. Wa kiume alipoingia shule ya bweni nilijaribu kumkaushia mkate juu ya jiko la makaa, lakini kambini hakuna dari ya fito, na kila mara uliungua upande mmoja. Mama yule alisikia. Akatuma mtu na kifurushi cha kitambaa, vipande vya rangi ya chai ya maziwa, vya kumtosha muhula. Nilikipokea nikaketi nacho mapajani bila kujua nifanye nini. Nilikuwa nimeazima mara moja, na deni sasa lilikuwa linazaa.

Mwanawe alimaliza shule, akapata kazi mbali. Hurudi Krismasi. Tukikutana hunisalimia kwa adabu ileile, na hatujazungumza juu ya mkate.

Mimi sasa nina shamba dogo la kukodi si mbali na mto. Mama yule amezeeka, hawezi tena kupanda kigoda, na chai yake inachumwa na wajukuu ambao hawapendi kuamka. Kila mara nikivuka kwenda kwake hubeba kikapu changu cha kuchumia mgongoni, nikidhani labda leo ndiyo siku. Anaona kikapu. Ananiambia nikiweke chini, nikae. Ananimiminia chai, anauliza habari za wadogo zangu mmoja mmoja, na habari za magoti yangu. Tunakunywa. Jua likielekea msituni nasimama, nachukua kikapu, na kabla ya kutoka namuuliza.

"Bado," ananiambia. "Nitakuita."